Sauti ya Juu na Sauti Kubwa: Jibu kwa Anayeanza Kusikiliza Muziki

Swali: "Mwalimu, hujambo? Mimi ni mkazi wa Donholm, na kwa miaka sita nimeimba alto katika kwaya ya kanisa letu. Mwaka huu nimejiunga na darasa la Jumamosi la usikilizaji wa muziki hapa Nairobi. Tulipewa orodha ya istilahi kama thelathini: tempo, mita, melodia, hamonia, tekstua, dainamiki na nyinginezo. Nimezikariri zote pamoja na maana zake, lakini mwalimu wetu anapotuchezea kipande cha muziki na kutuuliza tumesikia nini, mimi hubaki kimya. Pia sijaelewa kwa nini hamonia na tekstua si kitu kimoja, wala kwa nini mita ya sita kwa nane haifupishwi kuwa tatu kwa nne. Nianzie wapi?"

Dada msomaji, sijambo, na ahsante kwa swali uliloliandika kwa unyofu. Nitaanza na kisa changu cha aibu, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Nilipojiunga na kwaya kwa mara ya kwanza, nikiwa kijana, kiongozi wetu alininyoshea kiganja katikati ya mazoezi akasema, "Wewe, shusha sauti." Nami nikashusha: nikaiacha noti niliyokuwa nikiimba, nikateremka hadi kwenye noti za besi, na huko chini nikaendelea kuimba kwa nguvu zilezile. Kumbe alichotaka ni niimbe kwa upole zaidi. Kiswahili chetu kilikuwa kimenipa neno moja, sauti, na maelekezo mawili, juu na chini, kwa mambo mawili ambayo katika muziki hayahusiani hata kidogo. Mwanafunzi asipoyatenganisha mambo hayo tangu mwanzo, istilahi zote zinazofuata humchanganya.

Ndiyo maana nakuomba uiweke kando orodha yako kwa wiki chache. Kumbukumbu yako haina kosa lolote. Istilahi za muziki ni majina ya maswali ambayo sikio linaweza kuuliza, na mtu aliyekariri maana zake bila kujua kila moja inauliza nini hukosa la kusema, kama ilivyokutokea wewe. Tempo inauliza mapigo yanakwenda kwa kasi gani. Mita inauliza mapigo hayo yamefungwa mafungu ya ngapi ngapi. Tekstua inauliza ni nyuzi ngapi za sauti zinazosikika kwa wakati mmoja na zinahusianaje. Wimbo haumsubiri mtu, na ukijaribu kuuliza yote kwa pamoja, dakika nne zitakwisha hujajibu hata moja.

Tuanze na sauti yenyewe. Uzi wa gitaa unapoguswa na kuachiliwa hutikisika, na idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde ndiyo inayoamua kimo cha sauti, ambacho wanaisimu wetu hukiita kidatu. Mitikisiko ikiwa mingi, kidatu huwa cha juu. Ikiwa michache, huwa cha chini. Okestra nyingi duniani hupatanisha ala zao kwa noti A yenye mitikisiko 440 kwa sekunde, kipimo kilichoidhinishwa kimataifa mwaka 1955. Ukiizidisha mara mbili hadi 880, unapata noti inayosikika kuwa ileile, ila imepanda. Ukiigawa kwa mbili hadi 220, unaipata tena ikiwa imeshuka. Umbali huo huitwa oktavi, na umeshauzoea bila kufundishwa: wanaume na wanawake kanisani wanapoimba ubeti wa kwanza pamoja, kabla ya kugawana sauti, hudhani wanaimba noti moja, ilhali kwa kawaida wamepishana oktavi nzima.

Ukubwa wa sauti ni jambo jingine. Uzi uleule ukiupiga kwa nguvu zaidi, unatikisika kwa upana zaidi, lakini idadi ya mitikisiko kwa sekunde hubaki karibu ileile. Jioni ukiwa umeketi sebuleni na matatu ipite barabarani, kitu cha kwanza kukufikia ni besi, na dirisha hutetema kabla hujatambua ni wimbo gani unaopigwa. Sauti za kidatu cha chini hupenya kuta kwa urahisi kuliko za kidatu cha juu, kwa hiyo besi huingia ndani na mahadhi yakabaki nje. Hapo una sauti iliyo chini na iliyo kubwa kwa wakati mmoja. Usiku huohuo mbu akikuzengea sikioni, unapata kinyume chake: sauti iliyo juu sana na iliyo ndogo sana. Katika daftari lako, basi, tumia "juu" na "chini" kwa kidatu peke yake, na "kubwa" na "ndogo" kwa nguvu ya sauti, hata kama mtaani sote tunaendelea kuambiana tupunguze sauti ya redio au tuipandishe.

Habari za ukubwa na udogo huo ndizo zinazoitwa dainamiki. Alama zake ni za Kiitaliano, kwa kuwa zilienea Ulaya katika karne ya 17, wakati ambapo wanamuziki wa Italia ndio waliokuwa wakiigwa: piano ni kwa upole, forte ni kwa nguvu, na mezzo huwekwa mbele kuonyesha wastani. Kinanda kikubwa tunachokiita piano kilipata jina lake kutokana na alama hizo, kwani Bartolomeo Cristofori, fundi wa huko Florence, alitengeneza mnamo mwaka 1700 kinanda ambacho mpigaji angeweza kutoa kwacho sauti ya upole au ya nguvu kwa uzito wa vidole vyake tu, kikaitwa kinanda cha piano na forte, kisha watu wakalikata jina. Jihadhari na neno kresendo. Wengi hulitumia kwa maana ya kilele, ilhali maana yake ni kule kukua kwa sauti kidogo kidogo kabla kilele hakijafika.

Skeli hupewa wanafunzi kana kwamba ni fumbo, ilhali lugha yetu ina picha yake tayari. Neno hilo lina asili ya scala, ambayo kwa Kiitaliano ni ngazi, na ngazi kwetu ina vidato, yaani vipandio (usivichanganye na kidatu cha sauti). Kati ya noti na oktavi yake, piano imegawanywa vidato 12 vilivyo sawa, na umbali wa kidato kimoja huitwa nusu toni, wa viwili toni. Skeli ya meja huchagua vidato saba kati ya hivyo kwa mpangilio wa toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu, na wewe unaiimba kila Jumapili kwa solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Sikiliza jinsi mi na fa zinavyokaribiana, na vilevile ti na do. Hizo ndizo nusu toni zenyewe. Majina hayo yana asili katika kazi ya mtawa Guido wa Arezzo, aliyeishi karne ya 11 na kuwafundisha waimbaji kwa silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa kanisa. Solfa ya herufi ambayo kwaya zetu husoma ni changa zaidi: John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha wamisionari wakaileta Afrika. Huenda darasani mwenu kuna anayeidharau solfa kuwa ni ya wasioweza kusoma noti za mistari mitano. Mimi sikubaliani naye. Mtu wa solfa hujua so inasimama wapi ikilinganishwa na do popote pale wimbo utakapoanzia, na huko kujua mahusiano ya sauti ndiko mwalimu wako anakotafuta.

Ukiishusha mi kwa nusu toni, umbali wake kutoka do hupungua kutoka nusu toni nne hadi tatu, na ngazi huanza kuelekea skeli ya maina (mtu wa Nairobi hawezi kuandika neno hilo bila kumkumbuka jirani yake aitwaye Maina). Vitabu husema kwamba meja ni ya furaha na maina ni ya huzuni. Hayo ni mazoea ya masikio ya Ulaya, na usiyafanye sheria. Nyimbo nyingi za asili nchini Kenya hutumia noti tano tu, zilizo karibu na do, re, mi, so na la, nazo huchezesha arusini na kuliza matangani. Maqamu, yaani skeli za Kiarabu, ambazo zimeacha alama katika taarab ya Pwani, zina hata vidato ambavyo ukivitafuta kwenye piano utavikosa, kwa kuwa vimekaa katikati ya noti mbili zilizo jirani.

Iliyobaki katika sauti moja moja ni rangi yake, yaani kile kinachokuwezesha kutofautisha fidla na tarumbeta hata zinapopiga noti moja kwa ukubwa mmoja. Sababu ni kwamba uzi hautikisiki kwa urefu wake wote tu. Nusu zake, theluthi zake na robo zake hutikisika pia, kila sehemu ikitoa sauti yake hafifu ya juu, na uwiano wa sauti hizo hafifu hutofautiana kati ya ala na ala. Hebu mtazame mpiga nyatiti kwa karibu. Ameketi kwenye kigoda kifupi, kinanda chake chenye nyuzi nane kimelala ubavuni pake, njuga zinazoitwa gara zimefungwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigongesha kwenye mti wa kinanda. Mtu huyo mmoja anatoa rangi nne: nyuzi zenye mvumo kidogo, chuma kinachogonga mti kwa ukavu, njuga zinazomwagika kama kokoto, na koo lake mwenyewe. Unapoandika juu ya rangi, usiseme kuwa ni nzuri, kwa kuwa hilo halimwambii msomaji lolote. Sema ni kavu, ni nyororo, ina mkwaruzo, inatokea puani.

Sasa tufike kwenye mapigo, ambako naona ndiko unakoweza kuvuna haraka zaidi. Pigo ni kile mguu wako unachofanya wenyewe chini ya kiti. Vijana wa Nairobi wakisema biti, mara nyingi wana maana ya ala zote zilizorekodiwa kabla ya msanii kuingiza maneno, kwa hiyo nakushauri neno hilo uliache studioni. Ili kupata tempo, hesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa nne: ukipata 30, tempo ni mapigo 120 kwa dakika. Kifaa cha kupima jambo hili, metronomu, kilipewa hataza kwa jina la Johann Maelzel mwaka 1815, na kabla ya hapo watunzi walitegemea maneno ya Kiitaliano ambayo bado yanatumika, kama vile adagio kwa mwendo wa pole, andante kwa mwendo wa mtu anayetembea, na allegro kwa mwendo wa kasi.

Sasa acha mguu uendelee na pigo, na kwa mikono upige makofi kufuata silabi za maneno ya wimbo. Mguu unashika pigo. Mikono inafanya ridhimu. Ridhimu hubadilika kila mstari, wakati mwingine hukawia, wakati mwingine hukimbia, lakini pigo linaendelea vilevile chini yake. Mwanafunzi akishalifanya jambo hili mara moja kwa mwili wake, hachanganyi tena maneno hayo mawili.

Mapigo hayana uzito sawa. Baadhi ni mazito, mengine ni mepesi, na mpangilio wa uzito huo ndio mita. Wewe mwimbaji wa kanisa una ushahidi wa jambo hili mdomoni. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema mwokozi kwa kukaza ko. Tenzi nyingi zilizotafsiriwa zilikuja na mahadhi ya Kiingereza au Kijerumani, na katika mengi ya hayo mstari huishia kwenye pigo zito, ambapo lugha ile inaweka silabi yake iliyokazwa. Mfasiri akatia neno letu hapo, pigo zito likaangukia zi, na tangu wakati huo waumini wanaimba mwokozi kwa mkazo ambao hakuna anayeutumia akiongea. Jumapili ijayo tafuta mstari kama huo katika kitabu chenu. Mahali panapokwaruza ulimi ndipo utakapolisikia pigo zito bila kuonyeshwa na mtu.

Hapa niseme neno juu ya mizani, kwa sababu wanafunzi waliosoma ushairi shuleni hudhani mizani na mita ni kitu kimoja. Mizani ni hesabu ya silabi. Shairi la tarbia la mizani kumi na sita lina nane katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na nane katika utao, nusu ya pili, lakini hesabu hiyo haikuambii chochote kuhusu muda ambao kila silabi itachukua. Mwimbaji wa taarab anaweza kuivuta silabi moja kwa mapigo sita na kuzimaliza tatu zinazofuata katika pigo moja, na mizani ikabaki kumi na sita vilevile.

Swali lako la sita kwa nane limenifurahisha, kwa sababu linaonyesha kwamba unafikiri. Namba hizo huandikwa mfano wa sehemu za hesabu, lakini hazifupishwi. Ya juu inasema ni noti ngapi katika kila kipimo, yaani kila mzunguko mmoja wa mita. Ya chini inasema ni noti za aina gani, 4 ikiwa robo na 8 ikiwa thumuni, neno lilelile ambalo wazee wetu walilitumia kwa sarafu ya senti hamsini. Tatu kwa nne na sita kwa nane zote zinajaza thumuni sita. Tofauti ni ufungaji. Katika tatu kwa nne una mafungu matatu ya mbili mbili; katika sita kwa nane una mafungu mawili ya tatu tatu. Mtu akinunua kilo sita za unga, anaweza kuzibeba katika pakiti tatu za kilo mbili au mbili za kilo tatu. Mizani ya duka inasema ni sawa, lakini mikono yake inajua tofauti. Chakacha ya Pwani hufungwa kwa mafungu mawili ya tatu, na kiuno cha mchezaji huyumba mara mbili katika kila kipimo.

Utamu huzidi mafungu hayo mawili yanapopigwa kwa wakati mmoja, jambo la kawaida katika ngoma nyingi za Afrika, ambapo mkono mmoja hupiga tatu na mwingine mbili katika muda uleule. Vitabu huliita jambo hili poliridhimu na kulichorea michoro inayotisha. Nenda kwenye meza ya kibanda chochote cha chai ukafanye hivi. Sema "chai ya leo", ukiivuta "chai" na kuivuta "o" ya mwisho, huku "ya" na "le" zikiwa fupi: chaai-ya-le-oo. Rudia bila kupumzika hadi maneno yazunguke yenyewe. Kisha mkono wa kulia upige kwenye chai, ya, na o. Wa kushoto upige kwenye chai na le. Wa kulia umepiga mara tatu kwa nafasi sawa, wa kushoto mara mbili kwa nafasi sawa, na umepiga poliridhimu kabla chai haijaletwa. Baada ya hapo, ukisikiliza isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, hutasikia tena kelele moja kubwa. Utasikia ngoma za ukubwa tofauti, kila moja ikiwa na kazi yake.

Melodia sitaikalia sana, kwa kuwa Kiswahili kina neno lake zuri, mahadhi, na kila mtu anajua kuyavumisha. Jiulize tu kama yanakwenda kwa hatua, yaani kutoka kidato hadi kidato cha jirani, au kwa miruko. Na kama yanaanza juu yakashuka au yanaanza chini yakapanda. Kipande kidogo cha mahadhi kinachorudi tena na tena huitwa motifu. Mfano unaofundishwa kila mahali ni mwanzo wa simfoni ya tano ya Ludwig van Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808: noti tatu fupi na moja ndefu, kisha karibu sehemu nzima ya kwanza ikajengwa kwa noti hizo nne. Kuhusu umri wa mahadhi, wimbo wetu wa taifa uliandaliwa mwaka 1963 kwa mahadhi ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa bonde la Mto Tana, jambo ambalo wengi wanaousimamia kwa heshima hawajaambiwa.

Nimefika kwenye hamonia na tekstua, na hapa kwaya yenu ndiyo maabara. Nadhani unajua uchungu wa alto: soprano wanapanda na kushuka na mahadhi, nanyi mmepewa so, so, so, mstari mzima. Sababu ni hii. Noti tatu au zaidi zikisikika pamoja huunda kodi, na kodi mbili zinazotumika zaidi katika tenzi ni do-mi-so na so-ti-re. So imo katika zote mbili. Besi wakishuka kutoka do kwenda so na teno wakihama kutoka mi kwenda re, nyinyi mnaweza kubaki palepale mlipo. Lakini sikiliza so yenu wakati wenzenu wanapohama. Kidatu hakikubadilika, wala ukubwa, ila ladha yake imegeuka: mwanzo ilikuwa imetulia kama mtu aliye nyumbani kwake, sasa ina hamu ya kurudi. Mgeuko huo ndio hamonia. Inauliza ni noti zipi zimekutana kwa wakati mmoja na kukutana kwao kunavuta kuelekea wapi.

Tekstua, ambayo mimi huiita msuko wa sauti, haijali majina ya noti hizo. Inauliza ni nyuzi ngapi na zimesukwaje. Mama anayembembeleza mtoto peke yake ni uzi mmoja, na hiyo ni monofonia. Kwaya yenu inapoimba utenzi, sauti nne zinatamka silabi zilezile kwa wakati mmoja, soprano wakiwa na mahadhi na wengine wakiwabeba. Hiyo ni homofonia. Sasa tuseme kiongozi wenu awaambie besi waanze mstari, teno wafuate baada ya mapigo mawili, kisha alto, kisha soprano, kila kundi likiwa na mwendo wake. Kodi zinaweza kubaki zilezile, na hamonia isiguswe, lakini msuko umegeuka kuwa polifonia, ule ambao mtunzi Johann Sebastian Bach aliufikisha mbali katika fuga zake, tungo ambazo sauti huingia moja baada ya nyingine. Hapo ndipo utakapoona kwamba hamonia na tekstua ni vitu viwili: kimoja kimebadilika na kingine kimetulia. Uko msuko wa nne ambao vitabu vya shule huutaja kwa mstari mmoja tu, heterofonia, na ni hasara kwa sababu ni wa nyumbani. Katika taarab, mwimbaji, fidla na udi hufuata mahadhi mamoja, lakini fidla huongeza madoido yake, udi huchelewa kidogo na kutia yake, na hakuna anayehesabu kuwa mwenzake amekosea. Ukimsikia mpiga orutu, fidla ya Waluo, akiimba huku uzi wake mmoja ukimfuata, umesikia jambo lilelile.

Umbo la wimbo utalipata kwa kalamu na saa. Andika dakika na sekunde kila mara kitu kipya kinapoanza: ubeti, kibwagizo, mahali ambapo kiongozi anaita na kundi linaitikia, mahali ambapo katika benga waimbaji hunyamaza na gitaa zikashika usukani.

Kuhusu namna ya kusikiliza, chukua kipande kimoja cha dakika tatu au nne, ukisikilize mara nne kwa siku tofauti, na kila siku uulize swali moja tu: siku ya mguu, siku ya mahadhi, siku ya rangi, siku ya msuko. Ukipata nafasi, nenda kwenye mashindano ya Kenya Music Festival, yaliyoanza mwaka 1927, usikilize maoni ya waamuzi baada ya kila kundi. Maneno ya orodha yako utayasikia yakifanya kazi mbele ya watu. Na darasani, mwalimu akiuliza mmesikia nini, lenga kusema kitu cha namna hii, tuseme kuhusu rekodi ya nyatiti: "Nyuzi zinaanza peke yake, kidatu cha chini, motifu fupi inayorudiwa. Pete ya chuma inaingia na kuonyesha pigo. Tempo ni kama 130. Mwimbaji anaanza juu na kushuka kwa hatua. Nyuzi zinamfuata kwa madoido, kwa hiyo naona ni heterofonia. Njuga zinaongezwa mwishoni, sauti inakuwa kubwa, ila tempo haibadiliki." Kwa sentensi hizo sita umetumia istilahi chache tu, na kila moja umeitumia kwa jambo ulilolisikia.

Sinkopesheni, kadensa na majina ya umbali kati ya noti mbili yanaweza kungoja muhula ujao. Modulesheni pia ingoje, ingawa umekwisha kuisikia: ni pale mpiga kinanda wenu anapobonyeza kitufe kabla ya ubeti wa mwisho, wimbo mzima ukapanda kwa nusu toni, na soprano wakaanza kutazamana.